Je, Ni Gluteni? Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Tumbo Linalosumbua na Kichwa Kinachouma Bila Sababu

Wengi wanaoishuku gluteni huanzia mwishoni. Wanaacha mkate, tumbo linatulia baada ya wiki chache, kisha wanakwenda kupima damu na kuambiwa hawana tatizo. Kipimo hakikukosea. Kilikuwa kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza pale tu gluteni inapoendelea kuliwa, na chakula kilichozichochea kilikuwa kimeshaondolewa mezani. Kwa hiyo utaratibu wote ulioelezwa hapa una mpangilio mmoja usiogeuzwa: andika, pima, acha, rudisha. Ukiruka hatua ya pili, hatua ya tatu inaweza kukufunga macho kwa miaka.

Gluteni iko wapi, na inaumizaje

Gluteni ni kundi la protini zilizomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya kinyunya kivutike na mkate uumuke bila kubomoka. Semolina, spelti, bulgur, kuskusi na seitan zote zinatokana na ngano, hata kama jina halisemi hivyo. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi na jamii yote ya kunde havina gluteni kwa asili.

Kuna njia tatu tofauti ambazo ngano humdhuru mtu, na kila moja huchunguzwa kwa njia yake.

Ya kwanza ni ugonjwa wa seliaki. Hapa kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, hushambulia utumbo mwembamba wenyewe na kusawazisha vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Inakadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 100 duniani anao, na wengi hawajui. Watu hudhani dalili yake ni kuhara na kukonda tu. Ukweli ni kwamba wengine hukosa choo, wengine ni wanene, na wengine tumbo haliwasumbui kabisa: wanachokiona ni upungufu wa damu usioisha hata wakimeza vidonge vya madini ya chuma, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, uchovu, mifupa dhaifu, ganzi miguuni, au kichwa kinachouma mara kwa mara. Kuna pia upele wa malengelenge unaowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio. Huo ni sura ya ugonjwa huohuo kwenye ngozi.

Ya pili ni mzio wa ngano. Huu huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kwa watu fulani hutokea tu wanapofanya mazoezi baada ya kula ngano. Ukipata dalili za aina hii usijaribu chochote nyumbani; muone daktari wa mzio. Mtu akipumua kwa shida au akizimia, ni dharura.

Ya tatu haina kipimo chochote cha maabara. Mtu hana seliaki, hana mzio, lakini akila ngano tumbo hujaa gesi, huuma, kichwa hugonga, akili huwa nzito. Madaktari huita hali hii usumbufu wa gluteni usio wa seliaki. Jina hilo lina ubishi ndani yake, kwa sababu kwa wengi mkosaji ndani ya ngano huenda si gluteni. Tutalirudia hilo.

Kabla ya yote: dalili zisizosubiri

Nenda hospitali kwanza, uache mambo ya mkate, ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, unapungua uzito bila kukusudia, kuhara kunakuamsha usiku, unapata homa, chakula kinakwama kooni, au matatizo ya tumbo yameanza ukiwa umevuka miaka 50. Kwa upande wa kichwa: maumivu makali yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja, maumivu yenye homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kusema au kuona vizuri, maumivu baada ya kugonga kichwa, au maumivu mapya wakati wa ujauzito. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kubadilisha unga.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili, huku ukila kama kawaida

Chukua daftari na uchore safu sita: saa, ulichokula na kunywa, hali ya tumbo kwa alama 0 hadi 10, hali ya kichwa kwa alama 0 hadi 10, choo (mara ngapi, kigumu au chepesi), na dawa ulizomeza. Ongeza mistari midogo ya usingizi na hedhi. Jaza papo hapo. Ukijaza jioni kwa kukumbuka, akili itakuletea chakula unachokishuku na kusahau vingine.

Safu ya dawa ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na mara nyingi ndiyo yenye jibu. Fikiria mtu anayeumwa kichwa na kumeza ibuprofen, diclofenac au aspirini. Dawa hizo hukwaruza utando wa tumbo, na baada ya wiki kadhaa anapata kiungulia, kichefuchefu na maumivu ya chembe ya moyo. Wakati huohuo, kumeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za mchanganyiko na za kipandauso siku 10 au zaidi, kwa muda wa miezi mitatu na kuendelea, kunaweza kuzalisha maumivu ya kichwa yenyewe. Sasa ana tumbo bovu na kichwa kinachouma bila sababu, vyote viwili vikitoka kwenye kisanduku kimoja cha dawa. Kama daftari lako linaonyesha hivyo, zungumza na daktari kuhusu kupunguza dawa kabla ya kulaumu ngano. Angalia pia metformin, dawa ya kisukari ambayo huharisha watu wengi, dawa za kiungulia zenye magnesiamu, ambazo hulainisha choo, na kodeini, ambayo hukifunga.

Kagua mambo mengine yanayounganisha tumbo na kichwa. Kipandauso chenyewe huleta kichefuchefu na kulipunguza kasi tumbo, hivyo mtu anaweza kudhani tumbo ndilo limeanzisha. Kuruka mlo, maji machache, usingizi mbovu na pombe huumiza kichwa. Bia ina shayiri, kweli, lakini ina pombe pia. Kichwa cha asubuhi baada ya bia hakithibitishi lolote kuhusu gluteni. Maziwa nayo yafuatilie: tumbo linaloungurumia chai ya maziwa na mkate huenda linalalamikia maziwa.

Hatua ya 2: Pima damu ukiwa bado unakula ngano

Omba vitu viwili kwa pamoja: kipimo cha kingamwili kiitwacho tTG-IgA, na kiwango cha jumla cha IgA, ambayo ni kundi mojawapo la kingamwili. Cha pili kina sababu. Watu wachache, na hasa baadhi ya wenye seliaki, mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha. Kwao kipimo cha kwanza kitasema hakuna kitu hata utumbo ukiwa umeharibika. IgA ikiwa chini mno, maabara hutumia vipimo vya kundi la IgG badala yake.

Ili majibu yaaminike, ule gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Vipande viwili vya mkate wa ngano kwa siku hutoa gramu 3 hivi za gluteni au zaidi kidogo, na hicho ni kiwango cha chini. Vitatu au vinne ni bora zaidi ukivimudu. Mwambie daktari pia kama unameza dawa za kupunguza kinga, maana nazo zinaweza kuficha majibu.

Katika safari hiyohiyo ya maabara, ni busara kuuliza kuhusu picha kamili ya damu, feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini), tezi ya shingo, sukari na kipimo cha choo. Kimelea cha giardia hasa huiga seliaki kwa namna ya kushangaza: gesi, choo chepesi chenye mafuta na harufu kali, kukonda. Kama kuhara ni kwa muda mrefu, kuna kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini kinachotofautisha utumbo wenye uvimbe na utumbo unaosumbua tu. Presha ipimwe pia, na macho yakaguliwe kama kichwa huuma baada ya kusoma.

Usilipie vile vipimo vinavyotoa orodha ndefu ya vyakula "visivyokufaa" kwa kupima IgG ya kila chakula. IgG dhidi ya chakula huonyesha zaidi kwamba umekila. Watu hurudi nyumbani wakiwa wamekatazwa vyakula 30 na tumbo lilelile.

*Majibu yakiwa chanya*, hujamaliza na usiache ngano bado. Kwa mtu mzima kawaida hufuata endoskopia: mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na kuchukuliwa vipande vidogo kadhaa, kwa sababu uharibifu huwa wa mabakamabaka na kipande kimoja kinaweza kuukosa. Kwa watoto wenye kingamwili mara 10 au zaidi ya kikomo cha kawaida, mtaalamu anaweza kuthibitisha kwa sampuli ya pili ya damu bila endoskopia.

*Yakiwa hasi*, na ulikuwa unakula ngano ya kutosha, na IgA yako ni ya kawaida, uwezekano wa seliaki umepungua sana. Endelea hatua ya tatu. Ila kama una ndugu wa damu wa karibu mwenye ugonjwa huu, kisukari cha aina ya kwanza, au upungufu wa damu usioeleweka, mwombe daktari afikirie mbele zaidi.

*Kama ulishaacha gluteni zamani* na huwezi kustahimili kuirudisha, kuna kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Hakihitaji uwe unakula ngano. Ukikosa vyote viwili, seliaki karibu haiwezekani. Ukiwa navyo, hujapata jibu, kwani takriban asilimia 30 hadi 40 ya watu katika jamii nyingi wanavyo na wengi wao hawaugui kamwe.

Hatua ya 3: Acha gluteni kabisa kwa wiki 6

Wiki moja haitoshi, na kupunguza tu hakufundishi kitu. Weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Usianze wiki ya safari, sherehe au mitihani.

Kanuni muhimu kuliko zote hapa ni kubadilisha kitu kimoja tu. Anayeacha mkate, kahawa, sukari na maziwa siku moja atapata matokeo yasiyosomeka. Kahawa hasa ina mtego: ukiikata ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24 na kinaweza kuendelea zaidi ya wiki. Mtu husema "mwili unatoa sumu ya ngano", kumbe ni kafeini. Vilevile, ukiondoa mkate wa asubuhi weka kitu kingine mahali pake, mayai, viazi, uji wa mtama, chochote kisicho na gluteni; la sivyo utaumwa kichwa kwa njaa.

Vilivyo dhahiri ni rahisi: mkate, tambi, biskuti, keki, vitafunwa vyote vya unga wa ngano. Vinavyokwamisha watu ni hivi:

- sosi ya soya, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano
- kimea, kwenye vinywaji vya unga, nafaka za kopo na bia
- supu za pakiti, vidonge vya kiungo na rojo zilizoongezwa unga
- soseji na nyama za kusaga zilizojazwa makombo ya mkate
- vyakula vilivyopakwa unga kabla ya kukaangwa, na vibanzi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaleyale
- oti, ambazo zenyewe hazina gluteni ya ngano lakini huvunwa na kusagwa pamoja na ngano. Tumia zile zilizothibitishwa tu, au ziache kwa sasa

Pakiti iliyoandikwa kuwa haina gluteni, katika nchi nyingi zinazofuata viwango vya kimataifa, inaruhusiwa kuwa na si zaidi ya miligramu 20 kwa kilo. Kumbuka tu kwamba biskuti isiyo na gluteni bado ni biskuti, na mara nyingi ina nyuzinyuzi kidogo kuliko ya kawaida. Ukila nyingi na choo kikawa kigumu, usishangae. Ongeza kunde, mboga na matunda.

Kwa jaribio hili hauhitaji kununua vyombo vipya. Osha vizuri, tumia ubao wako wa kukatia, na usibanike mkate wako kwenye kibaniko cha wengine. Mwenye seliaki iliyothibitishwa ndiye anayehitaji ukali zaidi, na maelezo yake yako chini.

Endelea kujaza daftari lilelile kwa alama zilezile. Baada ya wiki 6 linganisha wastani wa wiki mbili za mwanzo kabisa na wa wiki mbili za mwisho. Hakuna mabadiliko? Basi gluteni imejitetea vya kutosha: rudi kwenye ngano bila hofu na utafute kwingine, kwani kuendelea kuikwepa ni kujinyima bure.

Hatua ya 4: Rudisha, na ikiwezekana bila kujua

Umepata nafuu. Bado si ushahidi kamili, kwa sababu ulipoacha ngano uliacha pia vyakula vya haraka, ukaanza kupika, ukalala mapema. Pia matarajio yana nguvu: anayeamini mkate utamuumiza anaweza kuumwa kweli, kwa maumivu halisi, baada ya kula mkate usio na gluteni. Watafiti hulikabili hili kwa kumpa mtu gramu 8 za gluteni kila siku kwa wiki moja, na wiki nyingine chakula kinachofanana kisicho nayo, bila yeye kujua ni ipi. Unaweza kufanya toleo la nyumbani kama vipimo vya seliaki na mzio vilikuwa hasi. Kama havikufanyika, usifanye.

Unahitaji msaidizi na unga wa gluteni safi wa kuokea. Unga huo huwa na protini kama asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo gramu 10 hutoa karibu gramu 8 za gluteni. Msaidizi aoke vikeki 14 kwa kila fungu:

Fungu lenye gluteni: gramu 350 za unga wa mchele na gramu 70 za unga wa gluteni. Fungu lisilo nayo: gramu 420 za unga wa mchele na kijiko kidogo cha gundi ya zanthani ili kifanane kwa mshiko. Kila fungu liongezewe vijiko vikubwa 4 vya kakao, gramu 150 za sukari, vijiko vidogo 4 vya poda ya kuokea, mayai 4, mililita 120 za mafuta na takriban mililita 400 za maji. Tumia maji, si maziwa, ili laktosi isiingilie jaribio. Oka kwa nyuzi 180 za selsiasi kwa dakika 20 hadi 25.

Gluteni ichanganywe na unga mkavu na kakao kwanza, ndipo majimaji yaongezwe. Ukiitia kwenye kitu chenye maji hugeuka mabonge yanayovutika kama mpira, na siri inatoka papo hapo. Fungu hilo pia hunywa maji zaidi. Msaidizi aongeze vijiko viwili au vitatu vikubwa.

Msaidizi arushe sarafu kuamua lipi liitwe A na lipi B, aandike jibu na kulifunga kwenye bahasha, kisha agandishe vyote. Wewe kula vikeki viwili kwa siku kwa siku 7 kutoka A, pumzika wiki nzima bila gluteni, halafu siku 7 za B. Chagua kabla ya kuanza dalili moja hadi tatu unazozijali. Kigezo kinachotumiwa na wataalamu ni tofauti ya angalau asilimia 30 kati ya wiki mbili hizo. Kwa mfano, wastani wa kichwa ukiwa 6 kwa A na 3 kwa B, hiyo ni tofauti ya kweli. Ukiwa 5 na 4.5, huna kitu. Dalili zikiwa kali mno siku ya pili, simamisha, andika, pumzika. Fungua bahasha mwisho tu.

Hatua ya 5: Kama vikeki havikukuumiza lakini mkate unakuumiza

Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Ngano ina wanga mfupi uitwao fruktani, ambao utumbo wa binadamu haumeng'enyi. Bakteria wa utumbo mpana huuchachusha na kutoa gesi. Katika utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Norway, watu 59 waliojiona wana tatizo la gluteni walipewa gluteni, fruktani au chakula kisicho na chochote kati ya hivyo bila kujua. Kwa jumla, fruktani ndizo zilizoleta dalili zaidi.

Kulipima ni rahisi. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani nyingi na havina gluteni hata chembe. Ukiwa kwenye mlo usio na gluteni, kula kitunguu maji kizima kilichopikwa kila siku kwa siku tatu na uandike. Tumbo likijaa kama lilivyojaa kwa mkate, mshukiwa wako amebadilika. Habari njema ni kwamba fruktani hutegemea kiasi: huenda kipande kimoja cha mkate kikapita salama ambapo vinne vinakulaza, na mkate uliochachushwa kwa saa nyingi kwa chachu asilia huwa na fruktani chache. Kwa mpango mpana zaidi wa kupunguza wanga wa aina hii, tafuta mtaalamu wa lishe, kwa kuwa orodha yake ni ndefu na haifai kufuatwa daima.

Kichwa kikiendelea kuuma huku tumbo likiwa limetulia, vitenganishe. Kitibu kichwa kama kichwa.

Kama ni seliaki

Hapa hakuna jaribio la kurudisha, na hakuna "kidogo tu leo". Miligramu 50 za gluteni kila siku, ambazo ni kama makombo, zimeonyeshwa kuendelea kuumiza utumbo. Sasa ndipo vinahitajika kibaniko chako peke yako, chujio lako la tambi, mwiko wako wa mbao, na siagi au jamu isiyochovywa kisu chenye makombo. Unga wa ngano ukipepetwa jikoni huelea hewani na kutua juu ya sufuria. Chakula chako kipikwe kwanza na kufunikwa. Muulize mfamasia kuhusu vijazio vya vidonge unavyotumia.

Dalili nyingi hupungua ndani ya wiki hadi miezi michache. Kingamwili huchukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kushuka, na utumbo wa mtu mzima unaweza kuhitaji miaka miwili kupona. Rudia tTG-IgA baada ya miezi 6 na tena baada ya 12, pamoja na feritini, foleti, vitamini B12 na D. Kingamwili zisiposhuka, mara nyingi gluteni bado inaingia mahali fulani, na daftari la wiki mbili lililosomwa na mtaalamu wa lishe huipata. Wazazi wako, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako nao wapimwe, hata wasiougua, wakiwa bado wanakula ngano.